Feni Moja, Hesabu Mbili



Mwaka huu tunaomba mchango wa feni za madarasa ya watoto wetu wa Malindi. Kabla hamjatia mkono mfukoni, turuhusuni tueleze.

Sote tunaijua hari ya Februari na Machi, kaskazi inapolegea na masika bado hayajaingia. Mtoto hutoka jasho mpaka daftari likarowa. Feni haipozi hewa ya chumba, huisukuma tu. Umeme hupita kwenye waya za shaba ndani ya mota na kutoa nguvu ya sumaku, nayo ndiyo inayozungusha mapanga. Upepo ule hukausha jasho, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Kwa hivyo feni inayozunguka katika chumba kitupu haimpozi mtu, inakula umeme bure.

Hesabu ya kwanza ni ya umeme. Pangaboi la wati 60 likizunguka saa 10 hutumia yuniti 0.6. Kiyoyozi cha wati 1,200 kikifanya kazi mfululizo kwa saa hizo hizo hutumia yuniti 12. Umeme wa kiyoyozi kimoja unaendesha feni 20. Ndiyo maana tumechagua feni.

Hesabu ya pili ni ya matunzo. Tunakumbuka Mei 2008, na tena Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika Unguja nzima na feni zikasimama majumbani. Ile ilikuwa hitilafu kubwa, nje ya uwezo wetu. Lakini feni za madarasani husimama kwa jambo dogo: kapasita imechoka, beringi zimekauka, au chumvi ya bahari imekula skrubu. Feni inavuma, haizunguki. Fundi yupo, pesa ya kumlipa haipo, kwa kuwa mchango wa kununua mara nyingi huishia kwenye kununua.

Kwa hivyo tunapendekeza hivi: katika kila shilingi 10,000 mtakayotoa, 7,000 zinunue na kufunga feni, na 3,000 ziwekwe kwa ajili ya fundi, vipuri na umeme. Kila mchango utakatiwa risiti, na hesabu zote tutazisoma mbele yenu mkutano ujao.

Kitunze kidumu.