Ukialikwa Kwenye Basi la Pati, Utajibu Nini?

(Mada hii ilitolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya tarawehe. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa.)



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Vijana wenzangu, mama zetu na baba zetu, Ramadhani Karim. Mada ya usiku huu wengine wataiona ngeni. Pengine mzee mmoja hapo nyuma anasema moyoni, "Haya nayo ni ya kuletwa mbele ya watu wenye saumu?" Mzee wangu, wacha yaletwe. Vijana wetu wanakutana nayo, na kijana asipoyasikia hapa kwa utaratibu, atayasikia kwingine kwa fujo.

Tuna watoto wetu wengi Marekani. Wako Minneapolis, wako Columbus, wako Nashville. Kuna waliotoka hapa kwenda kusoma, na kuna waliotoka kambi za Dadaab na Kakuma wakapelekwa kule kama wakimbizi. Wanafanya kazi mahospitalini, maghalani, wanaendesha teksi na malori. Wanafanya kazi na watu wa kila aina. Sasa siku moja mfanyakazi mwenzao anataka kuolewa, na wote kazini wanapata mwaliko: Jumamosi usiku, basi la pati, na mwenyeji wa basi ni malkia wa dragi.

Tueleze kwanza ni kitu gani, ili tusizungumze gizani. Basi la pati ni basi lililotolewa viti vya kawaida, viti vikapangwa ubavuni kama sebule, likatiwa taa za rangi na spika kubwa. Watu wazima hulikodi kwa saa mbili tatu, likawazungusha mjini usiku huku wakicheza na kunywa. Katika miji mingi abiria huja na pombe yao wenyewe. Nashville, ambao ni mji wa muziki, umejaa magari haya, hasa kwa sherehe za mabibi harusi watarajiwa. Yakazidi mpaka mwaka 2021 baraza la mji likaanza kuyatungia sheria, kwa sababu ya kelele na ulevi.

Na huyo malkia wa dragi? Ni msanii, mara nyingi mwanamume, anayevaa nguo za kike, nywele za bandia na vipodozi vizito, akashika kipaza sauti. Anatania abiria, anafuatisha kwa mdomo nyimbo zilizorekodiwa, anachezesha michezo, na watu wanamtunza noti. Sanaa hii si ya jana. Katika miaka ya 1880 kulikuwa na mtu mweusi aliyezaliwa utumwani, William Dorsey Swann, aliyekuwa akifanya karamu za namna hii mjini Washington, na polisi wakamkamata. Tangu mwaka 2009, kipindi cha televisheni cha RuPaul kimeieneza dunia nzima.

Basi hicho ndicho kitu chenyewe. Swali letu ni moja: wewe kijana Mwislamu ukialikwa, utajibu nini?

Jambo la kwanza: jibu ni hapana, na ujue kwa nini. Wako wanaosema, "Mimi nitakunywa soda tu, pombe ni yao." Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) hakutukataza kunywa peke yake. Ametukataza hata kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Na basi lile ni meza inayotembea. Huwezi hata kuinuka ukaenda zako, mpaka dereva asimame. Ongeza mchanganyiko wa wanaume na wanawake wanaocheza pamoja katika nafasi finyu, na matani ya chumbani yanayosemwa kwa kipaza sauti. Na kuhusu mavazi, mafundisho yetu yako wazi: mwanamume asijifananishe na mwanamke, na mwanamke asijifananishe na mwanamume. Hayo hatuyafichi, wala hatuyaonei haya.

Lakini hapa ningependa tusimame kidogo. Tukisikia habari hizi, wengi wetu tunarukia mavazi tu, pombe tunaisahau. Kijana anakwambia "Astaghfirullah, mwanamume kavaa gauni!" na wikendi iliyopita yeye mwenyewe alikuwa kwenye kilabu. Na jamani, tuseme kweli. Hizo video za wachekeshaji wetu wa hapa, wanaume waliovaa dera na kilemba wakaigiza mama wa nyumbani, nani hajazicheka? Nani hajazituma kwa simu? Siwaambii hivi ili mlihalalishe la Marekani. Nawaambia ili kipimo chetu kiwe kimoja. Ukiwa na mizani miwili, mtu atakuuliza, nawe hutakuwa na jibu.

Jambo la pili: namna ya kukataa. Huyu aliyekualika hakukusudia kukuharibia dini. Amekukumbuka katika furaha yake. Kwa hivyo mjibu mapema, mjibu kwa uso mkunjufu. Mwambie: "Asante sana kwa kunialika. Mimi dini yangu hainiruhusu kukaa penye pombe, kwa hivyo sitakuja kwenye basi. Lakini nakutakia ndoa njema, na Jumatatu nitaleta sambusa tukupongeze kazini." Umemaliza. Hukudanganya kwamba unaumwa kichwa. Ukidanganya leo, mwaliko ujao utatafuta uwongo mwingine, na siku ya tatu utachoka, utapanda. Ukisema ukweli mara moja, wenzako wataujua mpaka wako, na mara nyingi watauheshimu.

Na mkichangishwa pesa? Usitie mkono kwenye mchango wa basi na vinywaji. Mnunulie bibi harusi zawadi yako mwenyewe, hata kama ni ndogo. Hapo hujajitenga na watu, na mali yako haijaingia mahali usipopataka.

Jambo la tatu, na hili ndilo linalotushinda wengi: kumkataza nafsi yako si ruhusa ya kumdhalilisha mwenzako. Surat Al-Furqan inawasifu waja wa Mwingi wa Rehema kwamba wakipita penye upuuzi hupita kwa heshima zao. Haikuwasifu kwa kusimama wakazomea. Basi likipita barabarani, wewe pita. Usitoe simu ukamrekodi yule msanii ili umtume kwenye kundi la ukoo watu wamcheke. Usimtupie neno, usimtupie kitu. Surat Al-Hujurat imekataza dharau, imekataza majina mabaya, imekataza dhana. Wewe umeona nguo za jukwaani. Maisha yake ya ndani huyajui, na hukuulizwa.

Wacha niwape sababu nyingine, kutoka jimbo lilelile la Tennessee. Mwaka 2023 jimbo lile lilitunga sheria ya kuzuia maonyesho ya namna hii mahali pa umma au mbele ya watoto. Mwaka huohuo jaji wa mahakama ya shirikisho akasema sheria hiyo inavunja katiba; mwaka 2024 mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi wake, kwa hoja kwamba waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua. Ni ugomvi mkubwa wa siasa za kule. Kijana wetu anaweza kudhani kwamba kila anayepiga kelele dhidi ya dragi ni rafiki wa Uislamu. Si hivyo. Mji wa Murfreesboro hauko mbali na Nashville, ni kilomita 50 na kitu. Waislamu wa pale walipotaka kujenga msikiti, majirani waliandamana, wakaenda mahakamani kuuzuia, na mwezi wa Agosti 2010 vifaa vya ujenzi vikachomwa moto. Msikiti ule ulifunguliwa Agosti 2012, mwezi wa Ramadhani, baada ya mahakama ya shirikisho kuingilia kati. Ndugu zangu waliosali pale wanajua maana ya kuchukiwa na mtu asiyekujua. Aliyeonja hilo hawezi kumwonjesha mwingine akasema ni dini.

Jambo la nne ni la riziki. Kuna kijana hakualikwa kama abiria. Ametafutiwa kazi ya udereva wa basi hilo. Mshahara ni mzuri, na nyumbani mama anasubiri pesa za kodi. Afanye nini?

Tujifunze kwa yaliyotokea Minneapolis. Katika uwanja wa ndege wa kule madereva wengi wa teksi walikuwa Wasomali, Waislamu. Baadhi yao wakawa wanakataa abiria waliobeba chupa za pombe, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) amewataja wabebaji wa pombe pamoja na wanywaji katika waliolaaniwa. Masheikh wa kule wenyewe walitofautiana: wako waliosema dereva asibebe, na wako waliosema dereva kambeba mtu, hakubeba chupa. Abiria nao wakalalamika kwamba wanaachwa kwenye foleni, wengine usiku. Mwaka 2007 wasimamizi wa uwanja wakapitisha adhabu: dereva akikataa, anasimamishwa siku 30, akirudia, kibali kinafutwa miaka miwili.

Tunapata nini hapo? Teksi ina tofauti zake, na wanazuoni wamezungumza. Lakini basi la pati halina utata huo, kwa sababu pombe na ngoma ndiyo biashara yenyewe. Kwa hivyo uliza kabla hujatia sahihi: gari hili linabeba nini, na linakwenda wapi? Usingoje mpaka usiku wa kazi, abiria wamekwisha lipa, ndipo useme dini hainiruhusu. Hapo umemvunjia tajiri wako ahadi, na kutimiza ahadi nako ni dini. Kuna mabasi ya shule, kuna ya wagonjwa, kuna ya mizigo. Huenda ikapungua dola. Baraka haitapungua.

Na wewe mzazi wa hapa Kenya, mtoto akikupigia simu akakwambia, "Mama, kazini wamenialika kwenye basi la namna hii," usianze kulia na kulaani. Mshukuru Allah kwamba amekwambia. Mtoto anayekwambia bado yuko mkononi mwako. Ukimfokea, mara ya pili hatakwambia. Ataenda kimya kimya. Msikilize, mpe maneno ya kujibu, kisha mwombee dua hapohapo akusikie.

Sasa kuna kijana anasema, hayo ni ya Marekani, sisi hayatuhusu. Haya, tuje nyumbani. Si tunayajua mathree yanayokodiwa na vijana wakati wa Safari Rally kule Naivasha? Muziki juu, pombe ndani, wavulana kwa wasichana, mpaka asubuhi. Malkia wa dragi hayumo, lakini basi ni lilelile. Na mwaka 2024 mbio zile zilikuwa tarehe 28 hadi 31 Machi, mwaka 2025 zikawa tarehe 20 hadi 23 Machi. Zote mbili ndani ya Ramadhani! Wako vijana wetu waliofuturu nyumbani Ijumaa, na daku ikawakuta barabara ya Naivasha. Kwa hivyo usimnyooshee kidole wa ng'ambo kabla hujaangalia kiti chako mwenyewe.

La mwisho. Tusiwe watu wa kukataza tu. Kijana anapanda basi lile kwa sababu anataka kucheka na wenzake, anataka kusahau upweke na kazi ya wiki nzima. Haja hiyo si dhambi. Bibi zetu wa Lamu na Mombasa waliijua. Arusi ikikaribia, wanawake walikusanyika ndani ya ua peke yao, wakapiga vugo, wakaimba, wakapambana, wakacheka mpaka machozi. Bibi harusi aliagwa kwa furaha na hakuna chupa iliyofunguliwa. Leo tumewaachia vijana nini? Mhadhara, kisha mhadhara mwingine. Hata mimi hapa nawahutubia!

Basi jumuiya zetu zikodi mabasi yao. Baada ya Idd, wasichana siku yao na wavulana siku yao, tukatembee Shimba Hills, tukaoge bahari, tukale biriani, tusali tukiwa njiani. Na walioko Nashville na Minneapolis wafanye vivyo hivyo, wamwalike na yule aliyekuwa peke yake chumbani. Kijana mwenye mahali pa kufurahi akialikwa kwenye basi la pati, ni rahisi zaidi kwake kusema, "Asante, lakini mimi nina safari yangu."

Ewe Mola wetu, walinde watoto wetu walioko mbali na walioko karibu. Wape ulimi mpole na msimamo usiotetereka. Zitakabali saumu zetu, na utupe riziki ya halali na furaha ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.