Mlango wa Teksi: Umakini wa Mwendesha Baiskeli kati ya Kalerwe na Kyebando



Wengi wetu humu tumekuja kwa baiskeli, tena kwa kupitia Kalerwe, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza kwamba barabara ina hatari. Nina jambo moja la kusema: hatari ya barabarani hubisha hodi kabla haijaingia, na kazi yetu ni kuisikia hodi hiyo tukiwa bado na nafasi ya kufunga breki.

Tuanze na teksi, yale mabasi madogo ya abiria. Uganda tunaendesha upande wa kushoto, na mlango wa abiria wa teksi uko kushoto vilevile, yaani pembeni hukohuko tunakoachiwa sisi. Jioni moja nilikuwa natoka sokoni na mkungu wa matoke nyuma. Teksi iliyo mbele yangu ikapunguza mwendo. Nikaona upenyo kati yake na mtaro, nikajitosa. Mlango ukafunguka, mama akashuka na mtoto mgongoni. Nikakwepa, gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni na mkungu ukaniangukia mguuni. Yule mama aliniwahi kwa pole kabla sijamwomba radhi.

Nikiwa nimekaa palepale chini nikakumbuka kwamba dalili zote nilikuwa nimeziona. Kondakta alishatoa mkono dirishani, abiria mmoja alishainuka kitini, taa za breki zilishawaka. Macho yaliona, lakini mawazo yalikuwa kwenye bei ya matoke. Tangu siku hiyo, teksi ikipunguza mwendo mimi hubaki nyuma yake mpaka iondoke. Nachelewa dakika moja, mbili.

Gari lililoegeshwa mbele ya duka nalo tulisome hivyohivyo. Ukiona kichwa cha mtu nyuma ya usukani, hesabu kwamba mlango utafunguka, upite mbali nao. Ukitaka kujua boda boda ataelekea wapi, tazama gurudumu lake la mbele, maana taa ya ishara huenda aliisahau tangu asubuhi.

Kuna pia suala la mwendo. Ukienda kilomita 18 kwa saa, kila sekunde unakata mita 5. Kutupia simu jicho kwa sekunde mbili ni kwenda mita 10 ukiwa kipofu. Kwenye Northern Bypass, barabara iliyofunguliwa mwaka 2009 kwa ajili ya magari yasiyotaka kuingia mjini, gari la kilomita 72 kwa saa hukata mita 20 katika sekunde moja. Pale sikio ndilo jicho la nyuma, na anayeziba masikio yote mawili kwa muziki amelifumba mwenyewe.

Mvua ikinyesha mambo hubadilika. Raba za breki zikilowa hazishiki rimu upesi, basi zibane kidogokidogo mapema zijifute maji. Dimbwi usilolijua usilipite katikati: maji ya Kalerwe yakifurika hufunika shimo na mtaro pamoja, na juu yote huonekana sawa.

Mwenyekiti, nisieleweke vibaya. Mtaro usio na mfuniko si kosa la mwendesha baiskeli. Katikati ya jiji, Namirembe Road ilitengewa nafasi ya waenda kwa miguu na baiskeli. Na sisi tuna haki ya kudai nafasi kama hiyo, na tuidai kwa maandishi kupitia kwako. Lakini kesho alfajiri tutapita njia ileile ilivyo.

Kabla ya maswali naomba tutoke nje kwa dakika 10, tukague breki za baiskeli zilizoegemezwa ukutani. Wakati naingia nimeona mbili ambazo wenyewe huzisimamisha kwa soli ya kiatu. Nimekuja na raba za breki na spana.