Mionzi na mbegu ya damu

Juma hili nilikusudia kuzungumzia bei ya mbolea, lakini mbolea itangoja kidogo. Nilikuwa Uwemba, katika Mji wa Njombe, na kwenye gari la kurudi Makambako nikasikia maneno ambayo si mara yangu ya kwanza kuyasikia. Alikuwamo mama mmoja aliyekuwa safarini kwenda Dar es Salaam, ameshika bahasha kubwa ya hospitali. Gari liliposimama watu wachimbe dawa, naye akashuka, abiria wawili wakanong'onezana: "Huyo anakwenda kupigwa mionzi. Atarudi hana damu."

Usemi huo una nusu ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana hauondoki kwa kuukanusha tu. Ni kweli kwamba mionzi hupunguza damu. Lakini inaipunguza vipi, kwa muda gani, na mgonjwa afanye nini? Hapo ndipo wanong'onaji hunyamaza, na hapo ndipo watu hupotea.

Jambo hili linauhusu Mkoa wa Njombe kuliko mikoa mingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 hadi 2017 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wa Njombe wanaishi na Virusi vya Ukimwi. Ule wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 12.7, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.4. Sasa mwanamke anayeishi na virusi hivyo yumo katika hatari ya kupata kansa ya shingo ya kizazi karibu mara sita kuliko mwenzake asiye navyo. Kansa hiyo ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi katika nchi yetu, na ikishavuka hatua za mwanzo tiba yake kubwa ni mionzi. Kwa miaka mingi mionzi hiyo ilipatikana Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, kabla ya Bugando kule Mwanza nayo kuanza. Kutoka Uwemba hadi Ocean Road ni safari ya kiasi cha kilomita 700.

Hebu basi tuanze na damu yenyewe. Kila anayekunywa supu ya mifupa anaujua uboho, ule ute ulaini tunaougonga utoke. Madaktari wetu siku hizi huuita pia uloto. Humo ndani ya mifupa ndimo damu inamotengenezwa, mchana na usiku. Chembe nyekundu peke yake hutengenezwa kiasi cha milioni mbili kwa kila sekunde moja. Chembe nyekundu hubeba hewa safi, chembe nyeupe hupigana na maradhi, na chembe sahani huziba pale tunapojikata.

Mkulima wa viazi wa Uwemba ataelewa upesi kuliko mtu wa mjini. Mkulima hauzi viazi vyote. Hutenga mbegu, kwa sababu anayekula mbegu hana msimu ujao. Uboho nao una mbegu zake, chembe chache sana ambazo tunaweza kuziita chembe mama. Chembe mama inapogawanyika, moja hubaki kuwa mbegu, nyingine huenda kukua, ikazaa nyekundu, nyeupe au sahani kadiri mwili unavyohitaji.

Kwamba mbegu hizo zipo kweli kulithibitishwa kwa mionzi yenyewe. Mwaka 1961, mjini Toronto, Kanada, wanasayansi wawili, James Till na Ernest McCulloch, waliwapiga panya mionzi mingi kiasi cha kuua uboho wao, kisha wakawadunga chembe za uboho wa panya wazima. Baada ya siku kama kumi hivi wakaona vinundu katika bandama za panya wale, na kila kinundu kimetokana na chembe moja tu. Chembe moja iliweza kuzaa aina mbalimbali za damu. Msingi huo ndio unaosimamisha upandikizaji wa uloto tunaousikia leo Muhimbili na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Sasa mionzi inapopita mwilini hukata nyuzi za urithi zilizo ndani ya kiini cha chembe. Chembe nyekundu iliyokwisha kukomaa haina kiini, kwa hiyo mionzi haina cha kukata. Inaendelea na kazi yake. Zinazoumia ni mbegu na miche, yaani chembe mama na zile changa zinazogawanyika kwa kasi. Na hili ndilo linalowachanganya watu. Shamba likipigwa leo, ghala bado lina chakula. Chembe nyekundu huishi siku 120, basi ghala lake huchelewa kuonyesha upungufu. Chembe sahani huishi siku kumi hivi. Zile chembe nyeupe za mstari wa mbele hazimalizi hata siku chache. Kwa hiyo mgonjwa huanza tiba akiwa na nguvu zake, juma la kwanza anacheka, na juma la tatu au la nne kipimo cha damu kinaonyesha nyeupe zimeshuka. Jamaa zake wanasema, "Alikuja mzima, wamemmaliza."

Kwa nini iwe hivyo zaidi kwa kansa ya shingo ya kizazi? Kwa sababu mtu mzima hatengenezi damu katika mifupa yote. Kazi hiyo iko hasa katika nyonga, uti wa mgongo, kidari, mbavu na fuvu, na nyonga peke yake hubeba robo ya uboho huo au zaidi. Mionzi ya kutibu shingo ya kizazi hupita palepale nyongani, kwa kawaida mara 25 hivi, siku tano kwa juma, kabla ya ile inayowekwa kwa ndani. Tena mara nyingi mgonjwa hupewa dripu ya dawa ya kansa mara moja kwa juma, nayo huubana uboho kwa upande wake. Mwenye Virusi vya Ukimwi uboho wake unaweza kuwa umechoka tangu zamani, kwa virusi vyenyewe au kwa baadhi ya dawa alizowahi kutumia. Ndiyo maana daktari anapouliza dawa zote unazomeza, hakuchunguzi tabia. Mtajie zote, na zile za mizizi pia.

Lakini mbona hafi? Hafi kwa sababu mionzi ya tiba hulengwa. Kipimo kile kile kingeenea mwili mzima, kisingemwacha hai mtu yeyote. Kikielekezwa nyongani, uboho wa mgongo, kidari na mbavu hubaki, nao huongeza kazi kufidia pengo. Uboho wa pale pale palipopigwa unaweza kugeuka mafuta na kukaa hivyo miaka mingi, na mtu bado akaishi, akalima na kucheza ngoma.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye msiba. Chembe nyeupe zikishuka mno, madaktari husimamisha dripu, na wakati mwingine husimamisha hata mionzi kwa siku kadhaa ili shamba lipumue. Mgonjwa wa kutoka Uwemba anaambiwa, "Rudi Jumatatu." Yeye yuko kwa shemeji Mbagala, chumba ni kimoja, nauli ya daladala inakwisha, na nyumbani viazi vinaoza. Kwa akili yake, kusimamishwa ni kukataliwa. Anapanda basi alfajiri, anarudi Njombe, na anasema atarudi baada ya mavuno. Wasikilizaji, tiba ya kansa hii inapaswa kukamilika ndani ya majuma manane hivi tangu mionzi ya kwanza. Ikivutwa zaidi ya hapo, nafasi ya kupona hupungua, maana chembe za kansa zilizosalia nazo hupata muda wa kuota upya. Siku tatu za kupumzisha damu ni sehemu ya tiba. Miezi mitatu ya mavuno ni tiba iliyovunjika.

Sitaki kuwalaumu wagonjwa. Anayepaswa kuulizwa kwanza ni yule asiyemweleza mtu jambo hili kabla ya tiba kuanza, kwa Kiswahili cha kawaida, au kwa Kibena kama mgonjwa ni bibi wa Kibena. Karatasi ya majibu yenye tarakimu na herufi za Kiingereza haijamweleza mtu kitu.

Na aliyekwisha kurudi nyumbani chembe nyeupe zikiwa chini, akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, hiyo si homa ya kumeza panadoli na kujifunika blanketi, hata kama baridi ya Uwemba inashawishi. Mwili hauna askari wa kutosha. Ni jambo la kufikishwa hospitali usiku uleule, Kibena, Ilembula au Ikonda, popote palipo karibu, na kusema tangu mlangoni kwamba mgonjwa yuko kwenye tiba ya kansa.

Wapo pia wanaochukua hofu hii na kuipeleka kwenye picha ya kifua. La hasha! Picha moja ya kifua hutoa mionzi kidogo mno, isiyozidi ile tunayoipata kutoka ardhini na angani kwa siku kadhaa au majuma machache. Hakuna kifua kikuu kinachostahili kuachwa bila kupigwa picha kwa hofu hiyo. Anayepaswa kujihadhari ni yule anayeshinda na mashine hizo kila siku, ndiyo maana sheria inamtaka avae kile kipimo kidogo kifuani, na Tume ya Nguvu za Atomiki hukisoma. Marie Curie, aliyegundua radi, alifariki mwaka 1934 kwa uboho uliokauka, baada ya maisha ya kushika vitu hivyo mikono mitupu. Na kule Hiroshima, lilikoangushwa bomu tarehe 6 Agosti, 1945, ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe, Katanga, kansa ya damu ilianza kuongezeka miaka miwili hivi baadaye, miongoni mwa watu waliodhani wamesalimika. Mbegu iliyojeruhiwa bila kufa huweza kuzaa magugu. Majirani zetu wa Namtumbo, wanaotazama urani ikianza kuchimbwa ardhini mwao, wana kila haki ya kuuliza nani anavaa kipimo na nani anakisoma.

Limebaki moja, na hili linawahusu ninyi mlio wazima. Mionzi huua kansa vizuri pale penye hewa ya oksijeni, na oksijeni huletwa na chembe nyekundu. Mama aliyekwisha kuvuja damu miezi sita kabla hajafika hospitali anafika mweupe kama karatasi, na mionzi ikimkuta hivyo hupungua makali. Kwa hiyo huongezewa damu kwanza. Damu hiyo haitengenezwi kiwandani. Hutoka mkononi mwa mtu. Chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye baridi hukaa mwezi mmoja na siku kadhaa. Chembe sahani, zinazohitajika mgonjwa anapovuja fizi na pua, haziwekwi kwenye friji, na hudumu siku tano tu. Mfuko uliotolewa siku ya maadhimisho, kwa hotuba na fulana, juma la pili sahani zake hazifai tena kitu. Mgonjwa wa Jumanne anahitaji mtu aliyetoa Jumapili.