Masharti Yaandikwe Kabla ya Ngoma Kupigwa

(Maneno aliyoyasoma mwanachama mmoja, muuza duka, mbele ya mkutano wa tawi. Tumeyapiga chapa kama alivyoyaandika.)



Nimetakiwa niseme juu ya ule ukumbi wa muziki ulio nyuma ya duka langu, ambao mwenyewe sasa anaomba aongezewe saa. Wengi mwanijua kuwa mimi ni mtu wa mizani, si mtu wa jukwaa. Lakini jambo hili limetugawa. Vijana wetu wasema ukumbi ni kazi na ni furaha. Wazee wasema ufungwe kesho. Mimi nauliza: yako wapi masharti? Miaka mitatu iliyopita bwana yule alinijia dukani, akakaa juu ya gunia la mchele, akaniahidi kuwa muziki utakwisha saa 4 za usiku. Nikamjibu, "Inshallah, jirani," wala hatukuandika hata herufi moja. Leo muziki wakwisha saa 8, na kila nikimkumbusha huniuliza karatasi iko wapi. Kosa la kwanza, basi, ni langu mimi niliyekopesha bila ya daftari.

Kwa ajili hiyo nimetafuta khabari za wengine waliofikwa na kisa kama hiki, na kilichonifunza zaidi ni cha mji wa Dublin, katika nchi ya Ireland. Huko uko uwanja uitwao Croke Park, mali ya chama cha michezo ya kienyeji ya watu wa nchi ile, nao huchukua watu zaidi ya 82,000. Nao haukusimama jangwani. Umezungukwa na nyumba za watu, mlango kwa mlango. Wakaazi wa hapo walikuwa na mapatano, nao waliyashika kama mtu ashikavyo hati ya shamba lake, kuwa tamasha za muziki zisizidi tatu kwa mwaka. Tena iko sheria ya mwaka 2000, kuwa mkusanyiko wa namna hiyo wa watu 5,000 au zaidi hauwi ila kwa leseni ya baraza la mji.

Ulipofika mwaka 2014, vijana waimbaji waitwao One Direction waliimba hapo siku tatu za mwezi wa Mei. Hisabu ya mwaka, kwa maneno ya wakaazi, ikawa imekwisha. Lakini kabla ya hapo, mwanzoni mwa mwaka, zilikuwa zimekwisha kuuzwa tikiti kiasi cha 400,000 za muimbaji wa Marekani, Garth Brooks, aliyekusudia kuimba siku tano mfululizo, tarehe 25 mpaka 29 Julai. Tikiti zilitangulia, ombi la leseni likafuata nyuma. Mabwana, tulipokuwa chuoni tulifunzwa kuwa mtu hauzi asichonacho. Mimi nikipokea fedha za sukari ambayo jahazi lake halijatia nanga, mtaniita mwizi. Lakini mwenye kuuza usiku wa mtaa wa watu kabla ya kupewa ruhusa huitwa mfanya biashara.

Tarehe 3 Julai baraza likajibu: siku tatu ndiyo, mbili hapana. Muimbaji akasema ama zote tano ama asiimbe kabisa. Pakawa na pirikapirika kubwa. Kamati ya Bunge ikawaita wahusika, na hata balozi wa Mexico (sijui Mexico ilihusikana vipi) akajitolea kusuluhisha. Haikufaa kitu. Tamasha zote zikavunjwa, fedha zikarudishwa kwa wenye tikiti. Lakini nauli na vyumba vilivyokwisha kulipwa je? Na wenye mikahawa, na wauza duka wenzangu waliojaza ghala?

Wako waliowalaumu wakaazi. Mimi siwalaumu kwa kudai ahadi yao. Namlaumu aliyeuza mapema, na nalilaumu baraza pia, kwa jibu lililokuja zimebaki wiki tatu tu. Wenyewe waliliona hilo, maana mwaka 2015 kanuni ziligeuzwa, na muda wa kupeleka ombi ukawa wiki 13 badala ya 10. Hatimaye Septemba 2022 muimbaji yule yule aliimba katika uwanja ule ule siku zile zile tano, lakini safari hii zilipasuliwa: tatu wiki moja na mbili wiki ya pili.

Liko jambo jingine katika kisa hicho, nalo latuhusu sana sisi wenye kukusanya saini. Baadhi ya wakaazi walisema majina yao yametiwa katika barua za pingamizi bila ya wao kujua, hata polisi wakaingia kuchunguza. Tazameni khatari hiyo! Mwenye haki akiomba haki yake kwa saini ya uwongo, hata saini za kweli hutiliwa shaka. Nimesikia kuna kijana wetu amemuandikia bibi yake aliyeko shamba. Namuomba akalifute jina lile usiku huu huu.

Na ili nisiwe mpima kwa mizani ya upande mmoja, nitaje na London. Huko uko ukumbi wa dansi, Ministry of Sound, uliofunguliwa mwaka 1991. Baadaye mtu akataka kujenga mnara wa nyumba za kukaa mbele yake. Wenye ukumbi wakaogopa kuwa wageni watahamia, kisha watalalamika mpaka ukumbi ufungwe. Ubishi ulikwisha mwaka 2014 kwa masharti: madirisha yazuie sauti, na watakaohamia wakubali kwa hati kuwa ukumbi upo na una sauti yake. Mwaka 2018 muongozo wa mipango ya ujenzi wa Uingereza ulitia kanuni hiyo, kuwa aletaye badiliko ndiye abebaye gharama yake.

Kwa kanuni hiyo, nyumba zetu nyingi zilitangulia, na ukumbi ulitukuta. Lakini wako wawili humu ndani, nao wajijua, waliojenga baada ya ukumbi kufunguliwa. Madai yao si sawa na yetu, na ni aibu kuwa wao ndio wenye sauti kubwa kuliko wote.

Basi barua niliyoiandika haiombi ukumbi ufungwe. Yaomba saa ya kunyamaza iandikwe katika leseni yenyewe, si juu ya gunia la mchele. Spika zigeuzwe zitazame bahari. Jenereta iondolewe ukutani kwa jirani ambaye mkewe amejifungua juzi. Na asiuze kiingilio cha sikukuu mpaka ruhusa itoke. Sheha ataipokea Jumatatu asubuhi. Karatasi iko kwa Bwana Katibu. Kila mtu atie saini yake mwenyewe, na asiyejua kuandika atie kidole mbele ya mashahidi wawili. Kalamu mbili nimezileta mimi, na naomba zirudi dukani.