Ukarimu Usiosubiri Kesho



Nimeombwa niseme nanyi habari ya ukarimu wa Kikristo. Wengi wetu tulisikiapo neno hilo hukumbuka kikapu cha sadaka siku ya Jumapili. Sadaka ni njema. Lakini ziko siku sita nyingine, na katika siku hizo mwenye haja huja mlangoni petu.

Nchi yetu ya Taita yaijua njaa. Kasisi J. A. Wray alifika Sagalla mwaka 1883 kuhubiri Injili, na mwaka uliofuata ikaingia njaa kuu ambayo wazee waliiita Mwakisenge. Hata leo, huku milimani tuna ukungu na vijito, bali kule chini, upande wa Voi na Kasigau, mvua ni haba, na mara nyingine tembo wa Tsavo huvuna kabla ya mwenye shamba.

Nami naungama kosa langu. Msimu mmoja wa vuli jirani yangu, mjane, alikuja kuniomba mbegu za mahindi. Ghalani zilikuwamo, lakini nikamwambia arudi kesho. Nilitaka aombe mara ya pili, apate kujua ya kuwa nampa kitu kikubwa. Hakurudi. Mvua ikanyesha juma lile, na shamba lake likabaki tupu. Baadaye nilimpelekea debe la unga, akalipokea kwa shukrani. Lakini unga uliliwa ukaisha, na zile mbegu zingaliwalisha yeye na watoto wake bila kumwomba mtu.

Mkumbukeni Boazi katika kitabu cha Ruthu. Hakumwaibisha yule mgeni mbele ya watu. Aliwaagiza wavunaji wake waangushe masuke kwa makusudi, naye ayaokote kama mtu alaye jasho lake.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tutoe wakati wa kupanda, tusingoje wakati wa njaa. Pili, aliyekopa debe moja la mahindi arudishe moja, wala tusimdai mawili. Tatu, tukiisha kutoa, tusitangaze sokoni. Na asiye na mbegu ana mikono: aweza kumlimia mgonjwa asubuhi moja.

Mawingu ya vuli hayamngojei mtu. Jirani akipiga hodi, tumjibu siku ile ile.