Mdundo wa Mwali wa Gesi



Mwanafunzi akiuliza kwa nini mwali wa gesi huchezacheza, mara nyingi sisi walimu tunamjibu kuwa ni upepo. Jibu hilo halitoshi. Funga madirisha, zima feni, kisha ziba tundu la hewa la kichomeo cha Bunsen. Mwali utageuka wa njano, utarefuka, na utaendelea kupanda na kushuka. Wala hauchezi ovyo. Kwa bomba lenye mdomo wa sentimita 1 hivi, hupiga takribani mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Watafiti Chamberlin na Rose walikwisha kuuchunguza mdundo huu mwaka 1928.

Chanzo chake kiko pembeni mwa mwali. Gesi iliyoshika moto ni nyepesi, hivyo hupaa kwa kasi, ilhali hewa baridi inayoizunguka imetulia. Mikondo hiyo miwili inapopishana, mpaka wake hujikunja ukafanya pete ya hewa inayozunguka. Pete hupanda ikiuminya mwali kiunoni. Ncha hurefuka, wakati mwingine hukatika kabisa, ikaelea peke yake kitambo kidogo kisha ikazimika. Hapo pete nyingine imeshaanza kujikunja chini.

Kinachoendesha yote haya ni uvutano wa dunia. Katika vyombo vilivyo kwenye mzunguko angani, ambako gesi ya moto haina juu pa kukimbilia, mwali wa mshumaa huwa kama tufe la buluu lililotulia.

Jambo ninaloliona zuri kuliko yote ni kwamba mdundo hufuata ukubwa wa moto, na aina ya gesi haiubadilishi sana. Gawanya 1.5 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo katika mita, utapata idadi ya mapigo kwa sekunde. Moto wenye kipenyo cha sentimita 25 hupiga mara 3. Wa mita 1 hupiga mara moja na nusu tu. Kanuni fupi namna hii, inayotoka maabara hadi kwenye moto mkubwa wa petroli, haifai kukosekana darasani. Viwandani tayari inaleta faida: baadhi ya vitambuzi vya moto hutafuta mapigo hayo ili visidanganywe na mashine iliyopata joto au mwanga wa jua.

Vifaa tunavyo. Simu nyingi za sasa hurekodi video ya mwendo wa polepole, picha 240 kwa sekunde. Wanafunzi wahesabu picha kutoka ncha moja kukatika hadi nyingine. Zikiwa 20, mdundo ni mara 12 kwa sekunde. Kisha wafungue tundu la hewa. Gesi sasa inachanganyika na hewa ndani ya bomba, inaungua karibu na mdomo, na koni ya buluu inasimama imara. Waulizwe pale pale, kabla hatujawaeleza, ni nini kimebadilika.