Gari Dogo Lililopita Kilomita 150,000: Jinsi ya Kulitunza



Magari mengi madogo kwenye barabara za kaunti, yawe Toyota Vitz, Nissan March, Mazda Demio, Honda Fit au Probox, yaliingia nchini yakiwa yameshatumika. Kenya huruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo halijazidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi hununua yaliyokaribia kikomo hicho kwa sababu bei yake ni nafuu. Likishafika hapa hupitia mikono ya mwenye kwanza, wa pili na wa tatu. Anayeliendesha leo mara nyingi ni mwalimu, mama wa sokoni au mzazi aliyeweka akiba miaka kadhaa. Likikwama, mboga zinaozea nyumbani na mgonjwa anakosa kufika hospitalini.

Jambo la kwanza ni kujua hali halisi ya gari. Nambari ya odomita isiaminiwe peke yake, maana zipo zilizorudishwa nyuma. Raba ya pedali iliyolika na usukani uliong'aa kwa kushikwa husema ukweli zaidi. Asiye na rekodi ya huduma achukulie kwamba hakuna kilichofanywa. Aanze upya: oili ya injini na filta yake, filta ya hewa, plagi, kulanti na oili ya breki. Kisha anunue daftari la shule na kuandika tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na bei kila gari linapoguswa.

Oili ndiyo uhai wa injini iliyozeeka. Kwa matumizi ya vumbi, foleni na safari fupi, kubadilisha kila kilomita 5,000 ni utaratibu salama. Injini ya kilomita nyingi huweza pia kula oili kati ya huduma moja na nyingine, kwa hiyo kijiti cha kupimia kitazamwe kila wiki, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini ikiwa imepoa. Moshi nao huzungumza. Wa buluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli inayozidi, na mweupe usiokoma hata injini ikiwa moto huonyesha kwamba kulanti inaingia kwenye silinda. Huo wa mwisho usisubiri mwisho wa mwezi.

Magari mengi madogo hufia kwenye joto. Maji ya mfereji huleta kutu na uchafu ndani ya redieta, nayo kulanti huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Mipira ya redieta iliyolainika au kupasuka, mfuniko usiobana na feni isiyowaka ni vitu vya bei ndogo vinavyoharibu injini nzima. Ipo pia desturi ya kung'oa thamostati gari linapochemka. Hilo huficha tatizo tu. Injini hubaki baridi kupita kiasi, hula mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Mshale wa joto ukipanda, dereva asimame kando ya barabara, azime injini na kungoja ipoe. Mfuniko wa redieta yenye moto usifunguliwe kamwe, maana mvuke wake huchoma uso. Anayejikaza kufika nyumbani kilomita tano tu anaweza kupindisha silinda hedi.

Giaboksi za otomatiki hazitumii oili moja. Giaboksi ya CVT ina oili yake maalumu, na kuiwekea ya otomatiki ya kawaida ni kuiharibu. Mwenye gari asome kitabu cha gari au amwonyeshe fundi aina inayotakiwa kabla chupa haijafunguliwa. Giaboksi iliyokwisha kuanza kuteleza ikaguliwe kwanza, maana oili mpya haiponyi sehemu zilizolika.

Upande wa taimingi, Corolla na Starlet za zamani, kama zenye injini za 5A na 4E, hutumia mkanda unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, gari huzima hapo hapo, hata kama lori liko nyuma. Vitz na Honda Fit nyingi hutumia mnyororo, ambao hudumu muda mrefu mradi oili isiachwe kuchakaa. Mlio wa kukwaruza injini inapowashwa asubuhi ni sababu ya kumwona fundi.

Sasa yanayohusu maisha. Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani, na breki zikipata moto mteremkoni unyevu huo hugeuka mvuke na pedali huzama. Ibadilishwe kila miaka 2. Kwenye miteremko mirefu kama ya Mai Mahiu au kuelekea daraja la Nithi, dereva ashuke kwa gia ndogo. Kwenye otomatiki atumie 2, L, B au S kulingana na gari, badala ya kukanyaga breki njia nzima. Tairi nazo zina tarehe: nambari nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata ikilika hadi kufikia vibonge vidogo vilivyo ndani ya mifereji yake, tairi hiyo imekwisha.

Barabara za murram hulegeza bushi, boljointi na tairodi. Mlio wa kugonga kwenye mashimo, usukani unaovuta upande mmoja na tairi zinazolika upande ni dalili zake. Raba za draivshafti zikipasuka zibadilishwe mapema, kwa maana mchanga ukiingia hapo shafti nzima huharibika.

Oili iliyotolewa isimwagwe mtaroni wala mtoni. Huchafua udongo na maji ambayo wengine hunywa na kunyweshea mifugo. Ikusanywe kwenye mtungi uliofungwa na kupelekwa kwa gereji inayoikabidhi kwa wakusanyaji wenye leseni.

Hatimaye, gari litengenezwe hadi lini? Daftari ndilo hujibu. Jumlisha gharama zote za mwaka, gawanya kwa 12, kisha linganisha na malipo ya kila mwezi ya mkopo wa gari jingine. Matengenezo yakiwa chini, gari bado linalipa. Lakini chesisi ikiliwa na kutu, au injini na giaboksi zikihitajika kwa pamoja, mwenye gari asizidi kumwaga pesa humo. Na anayeliuza amweleze mnunuzi kasoro za breki na usukani, kwa kuwa atabeba watoto ndani yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kila mwenye gari avute kijiti cha oili, atazame kulanti na azunguke tairi zote nne. Ni kazi ya dakika tano.